Mkono Nilioinua Uani Kwangu

Mwanangu Mwajuma,

Salamu tuziruke, maana kicheko chako nakisikia kutoka nyumba ya pili, kwa shangazi yako, na mimi hapa barazani umeniacha mzima, sina hata mafua. Ukirudi utaniuliza naandika nini, nami nitakwambia ni vitu vya kununua sokoni. Kisha nitaitia barua hii ndani ya mkoba wako, chini ya zile karatasi za Bunge, uikute ukishafika Pemba, kabla hujaendelea Maputo. Ukiikuta mapema usiisome garini. Garini watu watakusoma wewe usoni.

Mwandiko ukiuona umenyooka usishangae. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini hilo la nne nilikuwa wa kwanza, na mwalimu alilitamka mbele ya wavulana wote. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nimeolewa na cheti changu.

Habari za baridi ya Maputo, na nani wa kukaa kwake, na chakula gani usile, shangazi zako wamekwisha kukuusia mpaka umechoka. Mimi sirudii. Wala sikuusii sala, maana hiyo ulianza kuniamsha mimi tangu ukiwa na meno ya utotoni. Nina jambo jingine, na nimelimeza miaka mingi.

Kwanza niache nijisifu kidogo, ndipo niweze kusema yanayoniuma. Jina lako lilipowekwa mwisho wa orodha ya wagombea, jina la akiba, watu walisema la akiba haliitwi. Nikawaambia, huyo ni binti wa Somoe, mtaona. Sasa yule bwana aliyekuwa na kiti amestaafu kwa maradhi, na wewe, mwalimu wa shule ya kijiji, umeitwa Bungeni. Tangu juzi hapa naitwa Mama Deputada, mama wa mbunge. Sikuwaomba waniite hivyo. Wala sikuwakataza.

Juzi ulipotandaza karatasi zako mkekani ukanisomea kwa Kireno kisha ukanieleza kwa Kiswahili, nilitikisa kichwa kabla hujaeleza, kama mtu aliyeelewa. Nilielewa nusu. Nusu hiyo ilitosha kuniondolea usingizi. Nilivyoshika mimi ni hivi: kuna sheria mpya ya mazingira, kwamba wanaochimba baharini wapimiwe maji na watu wa serikali, na majibu yasomwe hadharani vijijini. Sheria nzuri. Halafu kuna marekebisho ya bajeti ya ulinzi, kwamba askari waongezewe fedha. Nalo jambo zuri. Lakini fedha hizo zinatolewa kwenye fungu la hao wapimaji. Na yote mawili yamefungwa pamoja, mtu anayainulia mkono mara moja. Sheria itakuwapo, mpimaji hatakuwapo. Na kiongozi wa kundi lenu amekwisha kukuletea ujumbe kwenye simu, kabla hujakanyaga hata mlango wa Bunge, kwamba nyote mnakubali.

Ukanikazia macho ukaniuliza, "Mama, ungekuwa wewe, ungeinua mkono?"

Nikakujibu, "Mimi nimezaa deputada, sikuzaliwa deputada. Kula samaki, anapoa."

Tukacheka. Halikuwa jibu, na ulijua si jibu, ukaniachia kwa heshima. Sasa nakujibu. Lakini sina budi kuanza mbali.

Nianze na kosa la juma hili, maana bado halijapoa. Mama yako mdogo Atija alinijia Ijumaa nikipepeta mchele. Unajua tangu alipokimbia vita kwake Quiterajo na watoto wake anaishi kwenye chumba chetu cha nyuma, na kila mwezi anasema ni kwa muda tu.

"Dada," akaniambia, "huyu mtoto akifika huko aseme askari waongezwe. Quiterajo iwekwe kambi ya kweli, si watu wanne na redio. Nataka kurudi kwangu. Nimechoka nyumba ya mtu."

"Nyumba ya mtu? Mimi ndiye mtu?"

"Wewe ni dada yangu. Lakini masufuria ni yako."

Neno hilo lilinichoma, nikataka kumfurahisha. Nikamwambia, "Anza kufunga mizigo. Kura ya Mwajuma unayo."

Jumapili akaja mjomba wako Saidi na nyavu begani. Akazimwaga hapa barazani kwangu nilipokwisha kufagia. Zimeganda tope jeupe, lile linalopanda kule wanakochimba njia ya meli kubwa.

"Dada, zitazame. Nimezifua mara tatu. Sheria bila wapimaji ni karatasi ya kufungia maandazi."

"Mwajuma hawezi kukubali upuuzi huo."

"Umemwuliza?"

"Nimemzaa, nimwulize nini?"

Akaondoka anapiga mluzi. Basi ndivyo ilivyo, mwanangu. Kabla hujakalia kiti chako nimekwisha kuigawa kura yako mara mbili, na kila mmoja nimempa nzima. Kesho wote wawili watakuja kukuaga, na watu wao nyuma yao, kila upande ukikutazama kama mali yake. Nimekutega mwenyewe, kwa mdomo wangu. Na mtego wenyewe naujua, maana nami niliwahi kujitega vilevile. Ni hapo ninapotaka kufika.

Mwaka ule gesi ilipopatikana, wewe ulikuwa shule Pemba. Magari meupe yalikuwa yakija kijijini kwetu cha zamani, pale palipo uzio wa Afungi sasa, karibu kila juma. Mikutano ilikuwa shuleni. Wageni viti, sisi chini. Wanawake walinichagua mimi niwasemee, na haki yao, maana nani mwingine angewasemea? Walinituma neno moja tu: njia ya pwani. Nyumba zihamishwe ikibidi, ila njia ya kushukia kuokota kombe na tondo maji yakitoka isifungwe. Bi Mariamo, jirani yetu, ndiye aliyenishika mkono. Unamjua, mimi nilipoletwa pale nikiwa bibi harusi, sijui kutofautisha tundu la pweza na tundu la kaa, ni yeye aliyenifundisha. Akaniambia, "Somoe, wewe una mdomo. Sema hilo tu. Mengine waachie wanaume."

Nami nikaona aibu wageni wakubwa namna ile kukalishwa kwenye darasa lenye popo. Si aibu, nisikudanganye: niliona fursa ya kuonekana. Nikasema mkutano wa mwisho, ule wa kuinua mikono, uje uani kwangu.

Baba yako alinikataza. "Somoe, watu waliokuja kwa shauri hawapikiwi. Wamalize shauri, ndipo wale."

Nikamjibu, "Wewe unaonea mchele uchungu."

Alichukua mpini wa jembe akakaa nyuma ya nyumba akiuchonga, na alikuwa hana haja ya mpini.

Nilipika, Mwajuma. Wali wa nazi, kuku wawili, na pweza ambaye sijapata kumpika tena vile, sijui nilimtia nini siku ile. Wageni walikula mpaka yule mkubwa wao akafungua kishikizo cha shati. Nikajiona nimewashinda. Na walipokuwa bado wanajilamba vidole, kijana mkalimani akakunjua karatasi akasoma. Nyumba za saruji. Shule mpya. Kisima cha pampu. Na njia ya pwani itafungwa mpaka ujenzi utakapokwisha. Yote karatasi moja, pumzi moja.

"Wanaokubali, wainue mkono."

Unajua desturi yetu, ingawa umesoma. Mgeni ambaye hajanawa mkono aliolia chakula chako, humkatalii neno. Akikuomba mbuzi wako wa mwisho unamwambia tutaona. Mwenye nyumba kumpinga mgeni uani kwake, ladha ya mchuzi ingali mdomoni mwake, ni kama kumnyang'anya tonge. Hakuna aliyenikalisha kunifundisha hilo, limo mwilini kama kuvua viatu mlangoni. Na wale wanawake waliokuwa nyuma yangu nao wamelelewa hivyohivyo: hakuna ambaye angetangulia mkono wa mwenye nyumba, wala ambaye angeupinga.

Nilimsikia Bi Mariamo nyuma yangu, sauti ya chini kabisa: "Sema, Somoe."

Na yule mkubwa akanitazama, anacheka, akasema kwa Kireno na mkalimani akageuza, "Mama, chakula kama hiki sijala hata Maputo."

Nikacheka naye. Mkono ukapanda. Kisha nikasikia kanga zinachakarika nyuma yangu, na nilijua bila kugeuka kwamba mikono yao inafuata wangu, mmoja mmoja, na wa Bi Mariamo umo.

Nimekaa na siku ile miaka mingi, na kinachonitesa si kwamba nilitaka ubaya. Nyumba tulizihitaji. Kisima tulikihitaji. Ningeweza kusema tu: nyumba peke yake, njia peke yake. Tuinue mikono mara mbili. Hakuna aliyenifunga mdomo. Nilijifunga mwenyewe kwa sahani zangu.

Wakanipa kofia yenye picha ya meli. Niliivaa kisimani mwezi mzima.

Ujenzi, kama unavyojua, haukwisha. Ulianza, ukaja uzio, ikaja vita, watu wakakimbia, kazi ikasimama, kazi ikaanza tena. Njia bado imefungwa "mpaka ujenzi utakapokwisha". Bi Mariamo anakaa nyumba ya tano kutoka hapa, ya saruji kama yangu, na hashuki tena pwani. Geti liko mbali na miguu yake, na hata angefika, angeulizwa kitambulisho, na anayeuliza ni kijana ambaye angekuwa mjukuu wake. Tukikutana ananiambia "Salama?" nami "Salama", na mazungumzo yetu yameishia hapo. Sisi wawili, tuliokuwa tukichekana huko chini mpaka maji yanarudi yanatufika magotini.

Sasa sikiliza lile lililonifanya nishike kalamu. Ulipokuja likizo ukakuta kila kitu kimekwisha, uliniuliza, "Mama, nani alikubali njia ifungwe?" Na mimi nikakujibu, "Sijui, mwanangu. Mimi nilikuwa jikoni."

Ulitazama masufuria yale makubwa yaliyofunikwa uani, ukaamini. Kwa nini usiamini? Ukaondoka na neno hilo, ukalikuza kama mtu anavyokuza mche. Na siku ile ya kampeni ya kura za maoni ulipanda juu ya gari ukasema mbele ya umati, "Mama yangu alikuwa jikoni anawapikia, na huko nje wanamfungia pwani yake!" Watu walilia. Vigelegele vilipigwa mpaka ng'ambo ya barabara. Hayo ndiyo maneno yaliyokuingiza kwenye orodha, kila mtu anasema.

Mimi nilitazama chini. Bi Mariamo alikuwa amesimama mbele yangu, hatua mbili. Hakugeuka. Angegeuka tu, ningezimia pale. Yeye na wenzake wote waliokuwapo siku ile walikusikia ukisema uongo wangu kwa sauti yako nzuri, nao wakanyamaza. Hawakuniokoa mimi, usidhani. Walikuonea huruma wewe.

Basi habari ile usiipeleke Bungeni. Au ukiipeleka, ipeleke nzima: mamako hakuwa jikoni, alikuwa amekaa mbele, amevaa kanga mpya, na mkono wake ndio uliotangulia. Nimeandika sentensi hiyo mara mbili kwenye karatasi nyingine kabla ya kuiandika hapa.

Ninaandika haya nikiwa nimeegemea ukuta wa nyumba niliyoipata kwa mkono ule. Nyumba nzuri, haivuji. Ninaipenda, na hapo ndipo aibu inaponishika. Kama ningeichukia ningepumua. Siwezi kuirudisha, siwezi kuisifu mbele ya Bi Mariamo, na siwezi kuhama, nitakwenda wapi? Ukitazama kutoka hapa unaona waya, na nyuma ya waya unaona taa zao mchana kweupe.

Na wewe nakuona unaingia mahali kama hapa. Juzi ulisema mbunge anaweza kuomba vifungu vitengwe, kila kimoja kipigiwe kura yake, lakini kiongozi wa kundi lenu hapendi, na wewe ni mgeni, umeingia kwa kiti cha mtu. Uliposema hivyo niliinuka nikaenda kuangalia chungu. Hakukuwa na chungu motoni, Mwajuma. Nilikwenda kusimama tu.

Watakukaribisha vizuri huko. Watakusifu, watakwambia hawajapata kuona deputada wa pwani anayesema Kireno kile. Nawe utafurahi, maana umenirithi mimi. Furahi. Kula. Lakini ukijisikia unaona haya kuwasumbua watu waliokutendea wema, ujue hapo ndipo mimi nilipopotelea. Sikushindwa kwa hofu wala kwa rushwa. Nilishindwa kwa adabu.

Omba vitengwe. Wakikukatalia, omba iandikwe kwamba uliomba. Ata ya mkutano wangu, ile karatasi inayoandikwa yaliyosemwa, nimeisoma, kijana mmoja alinionyesha baadaye: inasema jamii ilikubali bila swali. Ni kweli. Hakuna swali hata moja mle ndani. Ningetoa pweza wangu wote wa maisha liwemo moja.

Na wakikataa kabisa kutenga, swali lako ni lile lile: ungeinua mkono?

Ningeinua. Kwa ajili ya askari. Nakwambia kweli, maana nimelala porini na watoto wa Atija, tumekwenda kwa miguu mpaka Namoto tumevuka mto wa mpakani, na baba yako tumemzika ng'ambo, kwa homa, mbali na kaburi la mama yake. Kesho mwenyewe utakwenda Pemba kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, nami nitawaombea mmoja mmoja. Mtu aliyekwisha kukimbia hivyo hawezi kuwanyima askari mafuta ya gari. Ningeinua mkono, nikijua naifunga pwani mara ya pili kwa mkono uleule, na kwamba mjomba wako Saidi atafua nyavu zake mpaka zichanike. Na nisingelala vizuri baadaye.

Hilo ni jibu langu. Si agizo. Ni jibu la mwanamke mwenye woga wake, na woga wangu usiuchukue ukadhani ni busara ya mama. Pengine wewe utaona usiinue. Pengine utakaa kimya wote wakisimama, na watakutoa kwenye orodha, urudi hapa ufundishe watoto kuandika majina yao. Utakuta nyumba ipo. Mimi nitawaambia watu binti yangu alirudi kwa hiari yake, na nitalisema hilo kwa majivuno, hunijui?

Limebaki moja. Kesho asubuhi, kabla hujapanda gari, watu wote wakiwa wamekusanyika, nitasimama nizungumze. Watadhani nataka kujisifu, nao watajipanga kucheka. Nitamwambia Atija na Saidi mbele ya wote kwamba kura niliyowapa haikuwa yangu, wasikudai. Kisha nitasema nani aliinua mkono wa kwanza siku ile uani, ili usiondoke na uongo wangu kama mzigo. Bi Mariamo atakuwapo. Nimemtuma mtoto wa Atija akamwite.

Mimi si mwepesi wa mambo hayo. Nimezoea kusema yanayonipendezesha. Kwa hiyo ukisoma hapa utakuwa umekwisha kujua. Kama ulinisikia nikisema, na uso ukakuiva kwa aibu mbele ya watu wako, nisamehe, mwanangu, nilitaka uende mwepesi. Na kama hukunisikia, kama nilisimama nikatoa maneno matamu na dua na vigelegele kisha gari likaondoka, basi ujue niliogopa mara ya pili, na barua hii ndiyo ata yangu. Nimeiandika kwa mkono wangu. Isome mbele ya yeyote umtakaye.

Nasikia viatu vyako vinakuja. Mungu akutangulie.

Mama yako,
Somoe